Mrejesho: ukili wetu uliolowa mafuriko

Assalaam aleikum ndugu zangu. Niliwauliza tufanyeje na ukili wa mama (ule utepe mrefu wa majani yaliyosukwa, unaoshonwa kuwa mkeka), mabunda 12, uliolowa na kuota kuvu mvua za masika zilipotuingilia ndani hapa Wete, Pemba. Mimi nilishataka kuutupa.

Tumeusuuza na kuuanika kama mlivyotuelekeza. Mabunda 8 yamepona. Manne yalikuwa yanakatika ukiyakunja, hayo basi.

Doa la maji ya tope halikutoka. Nikasema tuchemshe rangi nyeusi tulifiche, mama akakataa: "Liache lionekane." Kwa vile ukili ulikuwa umeviringwa, doa linajirudia kila baada ya kama shubiri moja, na alipoushona mkeka madoa yakakaa mshazari, mstari juu ya mstari, mfano wa mawimbi. Wallahi sijaona mkeka mzuri kama huu.

Jirani yetu aliyeangukiwa na ukuta wa udongo alikuja kuutazama. Alikaa juu yake, akipapasa yale madoa kwa kidole, kimya. Sasa yeye na mama wanashona mkeka wa pili pamoja, wa huyo jirani.

Ahsanteni sana, hasa aliyesisitiza tusuuze kwanza ndipo tuanike.