Je, kujisomea kunaweza kuchukua nafasi ya darasa na shahada?

Fundi wa Mbagala aliuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu. Naomba mnisaidie kufikiri juu ya jambo ambalo limeigawa familia yetu tangu mdogo wangu achaguliwe kujiunga na chuo kikuu kusomea uhandisi wa umeme.

Mimi nilimaliza kidato cha nne nikapata sifuri. Baba hakuwa na uwezo wa kunirudisha shule, nami kwa kweli sikuwa na hamu, nikaenda kubeba ngazi na waya za fundi mmoja wa umeme. Kwake nilijifunza kupitisha waya na kufunga swichi, lakini mengine yote nimejisomea. Nimenunua vitabu vilivyotumika pale Kariakoo, nimekesha na bando la usiku nikitazama mafunzo kwenye simu, nikirudia kipande kimoja mara tano huku kamusi ya Kiingereza iko pembeni. Leo nina miaka tisa kazini, nafunga umeme wa nyumba nzima na sola, na wateja wapya huja kwa kuelekezwa na wale wa zamani.

Hata hivyo, nyumba niliyoifunga mimi kuanzia mabomba ya ukutani hadi meini swichi siwezi kuiombea umeme TANESCO kwa jina langu, kwa kuwa fomu inahitaji mhuri wa fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Nampelekea mwenye leseni, anapokea chake, anagonga mhuri, na mara nyingi hata nyumba yenyewe hajaiona.

Sasa mdogo wangu amepata mkopo wa sehemu tu, na inayobaki inaniangukia mimi, kwani ndiye mwenye kipato. Baba anasema nilipe. Mimi najiuliza kama fedha ya miaka minne isingetosha kununua vifaa na kumfundisha kazi hapahapa. Je, mtu akijisomea kwa bidii bado anahitaji darasa na shahada, au tunanunua karatasi tu?

Mwandika Programu, Nairobi, alijibu:

Kaka, mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, na leo naandika programu za kompyuta kwa wateja ambao wengi wao sijawahi kuonana nao ana kwa ana. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza shahada. Kwenye usaili wa kazi yangu ya kwanza tulikuwa wanne; tulipewa kompyuta, tukapewa programu yenye hitilafu, tukaambiwa turekebishe kabla ya saa sita. Wawili kati yetu walikuwa na digrii na hawakumaliza.

Mkumbuke pia William Kamkwamba wa Malawi, aliyeondoka shule wakati wa njaa ya miaka ile ya 2001 na 2002 kwa sababu wazazi hawakuweza kulipa ada. Alichukua kitabu maktaba ya shule ya msingi, akatazama michoro, akaunda kinu cha upepo kwa fremu ya baiskeli na feni ya trekta, nyumba ya baba yake ikawaka taa. Mwaka 2007 alisimamishwa jukwaani huko kwenu Arusha, watu waliosoma sana wakamsikiliza. Kama huo si ushahidi kwamba kitabu na bidii vinatosha, sijui ushahidi utakuwa upi. Usilipe, kaka. Mnunulie kompyuta.

Afisa Masjala alijibu:

Naomba niseme kutoka upande wa meza. Tangazo la nafasi moja ya kazi linaweza kuletea ofisi maombi mia kadhaa. Siwezi kumpa kila mwombaji bisibisi nione anavyofanya kazi. Nachambua vyeti, wasio navyo wanabaki nje hata kama miongoni mwao yuko fundi kuliko wote. Sisemi ni haki. Nasema ndivyo chujio lilivyo.

Na wanaodhani karatasi si kitu wakumbuke Aprili 2017, uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma ulipokamilika na watumishi 9,932 wakabainika kuwa na vyeti vya kughushi. Walipoteza kazi, na ilikuwa hadi mwaka 2022 ndipo Serikali ilipoamua kuwarejeshea michango yao ya mifuko ya hifadhi ya jamii. Kughushi ni kosa, sina utetezi hapo. Lakini kuna swali linalonisumbua hadi leo: wako waliokuwa wamefanya kazi miaka mingi bila bosi wao kulalamika. Kilichowaumbua ni faili. Utendaji wao haukuwahi kuulizwa, si siku walipoajiriwa wala siku walipoondolewa. Kwa hiyo, Fundi, mimi nakubaliana nawe kwamba cheti na ujuzi ni vitu viwili, ila usimshauri mdogo wako aache kimoja wakati ofisi zote zinaangalia hicho.

Mwalimu Mstaafu, Lushoto, alijibu:

Kwanza nimsahihishe kidogo kijana wa Nairobi, bila kumvunja moyo. Hadithi ya Kamkwamba ameikatia njiani. Baada ya Arusha kijana yule alirudi darasani, akaendelea hadi akahitimu Chuo Kikuu cha Dartmouth nchini Marekani mwaka 2014. Aliyethibitisha kwamba mtu anaweza kujifunza peke yake ndiye huyohuyo aliyeona kwamba bado anahitaji walimu, na alikuwa na kila sababu ya kukataa, maana dunia ilikuwa imekwisha mpigia makofi.

Mimi ninao mfano wa jirani zaidi, ambao nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi kila mwaka. Mwaka 1963, hapa Lushoto, katika Sekondari ya Magamba, wavulana walikuwa na mazoea ya kutengeneza aiskrimu: walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayaweka kwenye friji. Nafasi ya friji ilikuwa ndogo na ya kugombania. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, alipoona atakosa nafasi akayaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu ya kwake yalikuwa yameganda, na ya mwenzake, aliyeyaweka bila kuyachemsha ili awahi nafasi, yalikuwa bado uji mzito. Alipomuuliza mwalimu wake wa fizikia, aliambiwa amechanganyikiwa, na baadaye, alipokuwa Sekondari ya Mkwawa, Iringa, jambo hilo likageuzwa mzaha darasani.

Wanaopenda kuisema shule vibaya huishia hapo, na wana haki, kwa sababu shule ilikosea. Darasa lilimcheka mtu aliyeona kwa macho yake jambo ambalo halikuwamo kitabuni. Lakini siku moja alifika Mkwawa mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, Denis Osborne, na Mpemba akamuuliza swali lilelile mbele ya wenzake, ambao walicheka tena. Osborne hakucheka. Aliporudi chuoni aliagiza jaribio lifanyike kwenye maabara, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha matokeo pamoja. Wanafizikia wanabishana juu ya jambo hilo hadi leo, na wanaliita kwa jina la Mpemba.

Je, Mpemba alijifunza mwenyewe au alifundishwa? Naona kuuliza ni kwake, hakuna aliyempa; ila bila mtu mwenye kipimajoto, maabara na subira ya kumchukulia kwa uzito, swali lake lingebaki mzaha wa bwenini. Mtu anayejisomea apime kama anaye Osborne wake. Kama yuko peke yake chumbani na simu, basi hata akikosea kwa miaka kumi hatakuwapo wa kumwambia, na hata akipatia hatakuwapo wa kumthibitishia.

Kuhusu mdogo wako, kozi aliyochaguliwa inabadilisha hesabu yote. Angekuwa anakwenda kusomea jambo ambalo hata yeye halijui vizuri, ningesitasita. Mhandisi, hata hivyo, husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na mlango wa kufikia usajili huo ni shahada inayotambuliwa. Kujisomea hakumfikishi hapo, asome usiku na mchana.

Mwandika Programu, Nairobi, alijibu:

Mwalimu, nimekubali sahihisho. Lakini nashikilia kwamba inategemea kazi. Mimi nikikosea, kompyuta inaniambia papo hapo: programu inakataa kufanya kazi, nasoma ujumbe wa kosa, narekebisha. Huyo ndiye Osborne wangu, na hachoki. Nadhani ndiyo maana fani yetu imejaa waliojifundisha.

Fundi Mkongwe wa Temeke alijibu:

Huyo kijana wa Nairobi amegusa penyewe. Mdogo wangu Fundi, umeme haukuambii papo hapo. Nakusimulia jambo langu mwenyewe, nami nilianza kama wewe, kwa kubeba ngazi.

Nilikuwa na miaka sita kazini nilipofunga nyumba moja Kigamboni. Taa ziliwaka, soketi zilifanya kazi, testa ilionyesha moto pale panapotakiwa moto, nikalipwa. Miezi michache baadaye mwenye nyumba akanipigia kwamba wakioga kwa hita ya bafuni maji yanawatetemesha, na mtoto amekataa kabisa kuingia humo. Nikaenda, nikabadilisha hita. Baada ya wiki tatu, yaleyale. Nikabadilisha waya wa kwenye hita. Bado.

Nikamwomba mzee mmoja aliyewahi kusomea ufundi na kustaafu kazini aje atazame. Hakugusa hita. Alizunguka nje, akauliza ile fimbo ya shaba inayozikwa ardhini nimeizika wapi. Akatoa mita ya kupima jinsi ardhi inavyoupinga umeme, yenye vijiti viwili, akavichomeka mbali ardhini, akaunganisha nyaya, akapima, akanitazama kwa muda. Tukachimba. Fimbo ilitoka fupi kama mkono, kwa sababu siku ile nilipokuwa nikiipigilia ilikuwa imegota kwenye jiwe la matumbawe, nami nikaikata kwa msumeno wa chuma na kukizika kipande kwenye mchanga mkavu. Sikuona kosa lolote. Bosi aliyenifundisha alikuwa akifanya vivyo hivyo, na yeye aliona kwa bosi wake.

Umeme uliokuwa ukivuja kwenye hita ulikosa njia nzuri ya kwenda ardhini, ukawatafuta waogaji. Nyumba ile ingeweza kukaa miaka bila kufa mtu, au mtu angekufa wiki ileile. Taa zingeendelea kuwaka vilevile.

Nimelifikiria sana jambo lile. Vitabu nilikuwa navyo, na sura ya habari hiyo ilikuwamo. Niliiruka kwa sababu ilikuwa na hesabu na haikuonekana kuleta hela. Simu nayo ina mafunzo hayo, lakini simu hukujibu unachouliza, na mimi sikuwa na sababu ya kuuliza. Mtaala wa chuo, pamoja na uchovu wake wote, hukulazimisha kupita mahali ambapo usingepita kwa hiari yako. Mengi nilikuja kugundua siyahitaji. Hilo moja lilitosha kulipia ada yote.

Kwa hiyo baadaye nilikwenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, si kuanza upya bali kurasimisha ujuzi, kwa utaratibu wao wa kuwatambua mafundi waliojifunza mitaani. Wanakuhoji, wanakupa kazi uifanye mbele yao, wanabaini yapi unayajua na yapi huyajui, kisha unafundishwa yale yaliyopungua na kupewa cheti. Nilikwenda na kiburi nikidhani nitawafundisha wao. Kwenye kufunga mabomba na kusambaza waya sikuwa na tatizo; kwenye kupima na kusoma michoro nilikaa chini kama mtoto. Nenda. Na hiyo sifuri ya kidato cha nne haijafunga mlango milele, maana unaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea huku ukiendelea na kazi. Leseni zina madaraja yake na kila daraja lina masharti yake, anza na la chini unaloliweza.

Na huyo anayekugongea mhuri bila kufika kwenye nyumba, achana naye. Mhuri ule maana yake ni kwamba mtu wa pili amepitia kazi yako. Wewe unaulipia, mwenye nyumba anaurudisha kwenye bei, na hakuna aliyepitia.

Fundi wa Mbagala alijibu:

Nawashukuru wote, na nimechelewa kurudi kwa sababu maelezo ya Mzee wa Temeke yalininyima usingizi. Nami nimewahi kukata fimbo hiyo, na si mara moja.

Jana niliazima mita kwa fundi wa kiwanda kimoja, mdogo wangu akanisomea maelekezo yake ya Kiingereza, tukapima nyumbani kwetu, nyumba niliyoifunga mwenyewe mwaka wa pili wa kazi na ambamo baba na mama wanaoga kila siku. Tulipima mara tatu tukidhani tumekosea kuunganisha. Mdogo wangu aliuliza kwa nini namba ni kubwa hivyo, na hilo ndilo swali la kwanza la umeme alilowahi kuniuliza nikashindwa kumjibu.

Ada ya mwaka wa kwanza nitalipa. Baba ameshaambiwa. Nimeorodhesha nyumba ninazokumbuka kuwa nilikata fimbo, ziko saba, mbili wapangaji wamebadilika na simu za wenye nyumba sina. Jumamosi naanza na ya kwetu; jembe na fimbo mpya vipo tayari uani.