Mnaocheza gemu kwa waifai ya nyumbani hapa Mwanza: tupeane uzoefu, mchawi wako alikuwa nani?

Mnyegezi (mwanzisha uzi)

Mwadila wakuu. Uzi huu ni wa wanaocheza gemu mtandaoni hapa jijini na kandokando ya ziwa. Ushauri wa "lipia kifurushi kikubwa" bakini nao, mimi nimeshaulipia mara mbili. Nataka visa: kuganda kulikuwaje, ulimkamataje mchawi, ukamfanya nini.

Naanza. Kwangu Nyegezi asubuhi mambo safi. Ikigonga saa tatu usiku, mchezaji wangu anakimbia, anasimama kama sanamu, akizinduka tumeshafungwa. Nikasema mnara umeelemewa, nikapandisha kifurushi. Hola. Nikapandisha tena. Hola. Siku hiyo hasira zikanifungulia kompyuta, nikapiga pingi (kupima muda wa ujumbe mdogo kwenda na kurudi) kwenye ruta yenyewe, anwani 192.168.1.1: milisekunde 2. Nikapiga nje: 640. Kwa hiyo kutoka chumbani hadi kwenye ruta hakuna neno, balaa linaanzia pale ruta inapotoa mzigo. Nikaanza kuondoa vifaa kimoja kimoja. Nilipofika kwenye simu ya dada yangu, 640 ikawa 95.

Simu yake imewekwa ipandishe picha na video zote mtandaoni ikiwa kwenye waifai na chaji. Chaji anaweka saa tatu. Na mwezi ule alikuwa amerekodi harusi mbili na sendofu.

Mliowahi kukaa foleni ya kivuko pale Kigongo kabla ya daraja mtanielewa. Njia yangu ya kupandisha ni Mbps 5 tu. Video za sendofu ni malori, pakiti ya gemu ni bodaboda, lakini bodaboda ikikuta malori thelathini mbele inasubiri kama wengine. Mimi nilikuwa nanunua upana wa kushusha, na foleni iko upande wa kupandisha! Nikaingia sehemu ya QoS (ya kupanga nani apite kwanza) kwenye ruta, nikaweka kikomo cha kupandisha 4.3, chini kidogo ya uwezo wa laini, na PS (PlayStation yangu) nikaipa kipaumbele. Foleni sasa inapangwa na ruta yangu. Dada anapandisha harusi zake, mimi pingi haivuki 110.

Kifurushi nimerudisha cha zamani.

Banda la Kirumba

Mkuu umenikumbusha mbali. Mimi nina banda la gemu, kwangu mchawi alikuwa mtu kabisa.

Bando la mwezi likawa linakata tarehe 17, tarehe 15. Nafungua ukurasa wa ruta nakuta vifaa 14, na mimi nina PS nne na simu mbili. Paswedi ilikuwa 12345678, msinicheke. Nikaweka ndefu yenye herufi na namba, wakatoweka. Siku ya tatu wamerudi wote! Nikamtuhumu kijana wangu wa kazi kwamba anauza paswedi, tukakosana wiki nzima. Namwomba radhi hapa, najua anasoma.

Fundi mmoja akaniuliza, "WPS umezima?" Sikujua hata ni nini. Ni ile njia ya kuunganisha kifaa bila kuandika paswedi, kwa kitufe au kwa PIN ya tarakimu 8. Ruta nyingi za zamani huikagua PIN hiyo vipande viwili, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki tu, kwa hiyo anayebahatisha hahitaji kujaribu mamilioni, 11,000 zinamtosha. Hilo lilishaanikwa hadharani tangu 2011. Simu inafanya kazi hiyo yenyewe mwenye nayo amelala. Ukibadilisha paswedi, PIN iko palepale, anaingia na kusoma paswedi mpya.

Nikazima WPS, nikabadilisha na paswedi ya kuingilia kwenye mipangilio (ilikuwa admin kwa admin tangu dukani), nikafunga na mlango wa kuisimamia ruta kutoka nje. Asubuhi yake kijana wa jirani kaja, "Shikamoo anko, leo waifai yenu ina shida?"

Nikamwitikia marahaba.

Mawe ya Mabatini

@Banda la Kirumba PS zako ni zipi? Kama ni PS4 ya mwanzo, ile nene ya 2013, ujue haioni waifai ya masafa ya 5 GHz, iko 2.4 tu. Huku kwetu nyumba zimepandana juu ya mawe, nikisimama mlangoni naona waifai 19, karibu zote 2.4. Kwenye 2.4 chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11, na ruta yangu ilijikalia kwenye 3, inapigwa kelele na 1 na 6 kwa pamoja. Niliipeleka 11, ikapoa. Ila nakiri, kilichomaliza kesi ni waya.

Kiseke Juu

Waya ndiyo, lakini sikilizeni. Nilivuta waya wa mtandao kutoka nyumba kubwa hadi banda la uani, mita 25, unapita hewani. Raha miezi mitano. Masika mnazijua radi za alfajiri zikitokea ziwani. Haikupiga hata nyumba yetu, ilipiga mahali jirani. Tundu la mtandao la ruta likafa, la PS likafa. Umeme ulipita kwenye frijigadi, nikajiona mjanja, kumbe radi haikuja na njia ya umeme, ilikuja na waya wangu wa uani. Siku hizi wingu likitanda namwambia mtoto achomoe vyote viwili.

Mvuvi Mstaafu

Badala ya kuchomoa waya chomoeni hilo gemu, mkalale.

Luchelele Beach

Shikamoo mzee. Hatulali.

Mimi natumia ruta ya laini ya simu. Niliiweka dirisha linalotazama ziwa, mistari imejaa, gemu linaganda. Kuangalia namba ya mnara kwenye mipangilio, inarukaruka: dakika hii mnara huu, dakika ile mwingine. Maji hayana kilima wala jengo, kwa hiyo mawimbi ya ng'ambo yalikuwa yananifikia vizuri kiasi cha kuichanganya. Nikaihamishia dirisha la upande wa barabara, mistari ikapungua miwili na kuruka kukakoma. Mistari mingi isiwadanganye.

Buzuruga Stendi

Mimi nauliza, nimezima kila kitu, waya nimechomeka, bado pingi 160 kwenye seva za Ulaya. Halafu NAT (ruta kuviweka vifaa vyote nyuma ya anwani moja) inasema kali, siwezi kumwalika binamu. Nimefungua milango yote (port) kwenye ruta, wapi.

Mnyegezi

Mkuu, hiyo 160 usipigane nayo. Mwanga ndani ya nyaya za kioo huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Mwanza hadi Frankfurt kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 6,000, kwenda na kurudi milisekunde 60 zimeshaliwa kabla hujagusa kitufe, na nyaya za baharini hazinyooki. Chagua seva ya Afrika Kusini kama gemu linayo. Siku nyingine hata hilo haliko mikononi mwako, si mnakumbuka Mei 2024, nyaya mbili za baharini zilipokatika upande wa Msumbiji na Afrika Kusini?

Kwenye NAT, soma anwani ya nje kwenye ruta. Ikianzia 100.64 hadi 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, utafungua milango mpaka uchoke. Omba anwani ya umma, wengine wanatoza. Na usiiweke kompyuta kwenye DMZ (sehemu ya ruta inayofungulia kifaa kimoja milango yote) kwa hasira, unakuwa umeianika barabarani.

Mama Kulwa

Habari zenu wanangu. Mimi sichezi, anayecheza ni Kulwa, Doto anasoma. Nauza sato nyumbani Igombe. Kulwa analalamika chumbani kwake, nimesoma hapa nikamwambia apige hiyo pingi kwenye ruta. Chumbani 180 na nyingine hazirudi. Sebuleni 3. Ruta iko nyuma ya friza.

Mawe ya Mabatini

Shikamoo mama. Hapo usilipie chochote. Kwa Mnyegezi ruta ilikuwa 2 na nje 640, kwako kipande kibovu ni cha ndani. Friza ni sanduku la bati lililojaa barafu na samaki, mawimbi hayapiti. Iinue ruta juu, mbali na bati na maji. Chumba cha Kulwa kiko upande gani?

Mama Kulwa

Marahaba. Nyuma ya simtenki.

Mawe ya Mabatini

Loh! Friza halafu simtenki. Mama, jaribu juu ya kabati kwanza, ikishindikana vuta waya, ila upite ndani. Kiseke ameshasema.

Mama Kulwa

Nimeipandisha juu ya kabati la vyombo, kona ya pili. Kulwa anasema 4. Doto naye ameanza kucheza.