Filamu kuhusu kazi za Malkia Elizabeth: kazi yenyewe iko wapi?

Mwalimu wa Zamu

Salaam, wanajukwaa. Ninafundisha uandishi wa habari katika chuo kimoja cha kati, na juma hili darasa langu limefika kwenye filamu za makala zinazomfuata mtu mmoja kazini. Nilichukua mfano wa Royal Family, iliyoongozwa na Richard Cawston, ambayo BBC iliirusha tarehe 21 Juni 1969 na ITV ikairudia wiki moja baadaye. Tulitazama vipande vichache tu, maana filamu nzima haionyeshwi. Malkia anapokea hati za utambulisho za balozi wa Marekani, Walter Annenberg. Familia inachoma nyama huko Balmoral. Malkia yumo dukani na mwanawe mdogo, Edward, akimnunulia vitu vitamu. Ndipo binti mmoja aliyeketi nyuma akauliza: "Mwalimu, huyu mama kazi anafanya saa ngapi?" Darasa likacheka, nami nikacheka nao, lakini jibu sikuwa nalo. Naomba mnisaidie: filamu hii ilionyesha kazi kweli? Na kwa nini imefungiwa?

Karani Mstaafu

Mwalimu, nianze na la pili kwa kuwa ni jepesi. Hakimiliki ya filamu ile iko mikononi mwa Ufalme, kwa hiyo hakuna kituo kinachoweza kuirusha bila idhini ya kasri. Mwaka 2021 ilivuja mtandaoni ikaondolewa upesi. Iliyoizaa ni hoja ya William Heseltine, katibu wa habari wa Malkia, na Lord Brabourne, mtayarishaji wa filamu, waliotaka familia ionekane ikiwa na uhai kabla Charles, mwana wa kwanza wa Malkia, hajasimikwa rasmi kuwa Mwanamfalme wa Wales kule Caernarfon tarehe 1 Julai 1969. Picha zilizopigwa zilifikia takriban saa 43, na watazamaji hawakupewa hata saa mbili kamili. David Attenborough, aliyekuwa na cheo cha juu BBC wakati huo, alimwonya Cawston kwamba ufalme unaishi kwa fumbo, na kwamba watu wa kabila wakishaona kilichomo ndani ya kibanda cha chifu, uchifu umekwisha. Mfano wenyewe haunipendezi, ila hofu yake naielewa.

Sasa la kwanza. Kazi ya kila siku ya Malkia ilikuwa kusoma. Masanduku mekundu yenye nyaraka za serikali yalimfuata kila alikokwenda, hata likizoni, na siku alizoachwa bila sanduku zilikuwa za kuhesabu. Enzi zile kila Jumanne jioni alikutana na Waziri Mkuu, wawili peke yao, bila karani wa kuandika kumbukumbu. Mimi nimekaa ofisini miaka thelathini na najua jinsi kazi ya mafaili isivyo na sura: ukimpiga picha mtu anayesoma faili, umepata picha ya mtu aliyeinama, basi. Kamera inaruhusiwa kuona mlango ukifunguliwa na mgeni akiinamisha kichwa, kisha mlango unafungwa, na kazi inaanzia hapo ulipofungwa. Ndiyo sababu mtengeneza filamu hukimbilia kwenye nyama ya kuchoma.

Mkasi

Naongezea kama mhariri wa picha. Pengo analolitaja Karani hujazwa katika chumba cha kuhariri, na humo ndimo hatari ilimo. Mwaka 2007 BBC iliwaonyesha waandishi wa habari kionjo cha mfululizo kuhusu Malkia na kazi zake. Mpigapicha Annie Leibovitz anamwomba avue taji, Malkia anakereka, kisha anaonekana akitembea kwa hasira kama aliyesusa. Kumbe kipande cha kutembea kilipigwa alipokuwa akienda kwenye upigaji picha, wala hakutoka kwa kususa. BBC iliomba radhi, na baada ya uchunguzi Peter Fincham, mkuu wa BBC One, akajiuzulu, na Stephen Lambert wa kampuni iliyotengeneza mfululizo huo naye akaondoka.

Nisijifanye mtakatifu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nahariri makala fupi kuhusu ziara ya kiongozi mmoja kijijini. Nilikuwa na sekunde tatu za yeye akitazama saa yake ya mkono, nikazipachika baada ya hotuba ya mzee mmoja iliyokuwa ndefu. Ilichekesha sana. Msaidizi wangu akanionyesha kwamba vumbi la barabarani bado limo kwenye mabega ya yule kiongozi: alitazama saa aliposhuka garini, kabla mzee hajafungua kinywa. Nilizitoa sekunde zile, ingawa kwa kinyongo.

Babu wa Nyeri

Wanangu, mnatafuta kazi kwenye masanduku, nami naona mnaipita mlangoni. Filamu niliyoipenda ni Elizabeth R ya Edward Mirzoeff, iliyorushwa tarehe 6 Februari 1992, kwa kuwa humo Malkia anajisimulia mwenyewe. Kusimama saa nzima akiwavisha watu nishani mmoja mmoja, akimpa kila mmoja maneno mawili matatu, kisha mkono, ambao ndio ishara kwamba zamu yake imekwisha: hiyo ni kazi, na miguu inaijua.

Tarehe ile kwetu ina uzito wake. Mwaka 1952, siku kama hiyo, Elizabeth alikuwa huku Kenya, na habari ya kifo cha baba yake, iliyomfanya malkia, aliipokea Sagana. Miezi minane baadaye, tarehe 20 Oktoba, Gavana Baring akatangaza hali ya hatari, na watu wetu wakapelekwa kambini kwa amri za serikali iliyotawala kwa jina lake. Hapa simtwiki yeye makosa ya kila askari. Nasema tu kwamba mtawala ana kazi anayoifanya kwa mikono yake na ile inayofanywa kwa jina lake, na hii ya pili sijui kamera ungeiweka wapi. Mwulize yule binti wa nyuma.

Mwalimu wa Zamu

Shikamoo, Babu. Nimemwuliza leo asubuhi. Amesema angeiweka juu ya meza, ielekee kwenye saini, kisha aifuate karatasi hadi inakofika. Kesho nawapa vipande vitano vya mahafali yetu ya mwaka jana wavipange kwa namna mbili. Mkasi, niwaambie wachunge nini?

Mkasi

Saa ya ukutani, vivuli, na kiasi cha maji kilichobaki kwenye chupa za meza kuu.