Kukutana na maswahiba Caribbean: Montego Bay, Playa del Carmen au Barbados?

Mkisauni, Houston
Salaam wakuu. Nina jambo linanitatiza na nataka nilimalize wiki hii, maana bei ya tiketi niliyoiona haitaningoja. Tuko marafiki wanne tuliosoma pamoja Mombasa, sasa kila mtu na pembe yake ya dunia. Tumekubaliana tukutane Caribbean siku chache. Zimebaki sehemu tatu: Montego Bay kule Jamaica, Playa del Carmen ya Mexico, na Barbados. Mmoja wetu ameshaweka moyo kwenye hoteli ya kulipia kila kitu kwa pamoja, ile ya kuvishwa bangili ya plastiki, mnakula na kunywa bila hesabu. Mwingine anasema hizo ni pesa za kutupa. Mimi niko katikati. Mliofika, wapi nafuu na wapi mtu ataonana na wenzake kwa raha? Natanguliza shukrani.

Bi Nuru, Toronto
Ndugu yangu, umeuliza nusu. Mwezi gani? Hao wenzako wanatokea wapi, na pasipoti zao za wapi? Mna bajeti ya kiasi gani? Februari na Septemba kule ni dunia mbili mbalimbali. Kuanzia katikati ya Desemba hadi Aprili bei zinapaa, na msimu wa vimbunga ni tarehe 1 Juni mpaka 30 Novemba.

Kamanda wa Tabora, Dallas
Naunga mkono hoja. Mleta mada weka nyama kwenye uzi.
Ila kwa sisi wa Texas jibu ni moja tu: Playa del Carmen. Ndege ya moja kwa moja mpaka Cancún, unashuka, unawapita wale wa teksi wanaokuita rafiki yangu rafiki yangu kama umezaliwa nao, unapanda basi la kampuni ya ADO hadi katikati ya Playa. Hoteli ndogondogo zimejaa karibu na ule mtaa mkuu wa Quinta Avenida, na ufukwe Mexico ni mali ya umma. Ukitaka kwenda mji wa Tulum unapanda zile vani za colectivo na wenyeji. Nimemaliza.

Mkisauni, Houston
Haya. Ni Agosti, watoto wakiwa hawajarudi shule. Mimi nina green card, pasipoti bado ya Kenya. Mmoja yuko Leicester na pasipoti ya Uingereza. Mmoja yuko Mombasa, pasipoti ya Kenya. Bajeti si ya kitajiri, si ya kimaskini.

Bi Nuru, Toronto
Umetaja watu watatu. Wa nne yuko wapi?
Na huyo wa Mombasa ndiye mtihani wenyewe. Jamaica na Barbados hazimdai Mkenya visa ya matembezi, lakini atafikaje huko? Akipita Marekani, hata kubadilisha ndege tu, anahitaji visa. Akipita London, Mkenya anatakiwa awe na visa ya kupitia uwanjani. Watu wengi hutazama mwisho wa safari wakasahau katikati. Mtu anakata tiketi nzuri kabisa halafu anazuiliwa kaunta ya Nairobi.

Mkisauni, Houston
Ana visa ya Uingereza, bado hai. Alikwenda harusi.

Bi Nuru, Toronto
Hilo ndilo ungelianza nalo! Basi kwa London anapita. Na Mexico humkubali mtu mwenye visa hai ya Uingereza, au ya Marekani, Canada, Japani na nchi za Schengen, bila kumdai visa yao. Hata hivyo athibitishe na ubalozi wao kabla ya kulipa senti.

Mtoto wa Kibokoni, New Jersey
Mimi nitasema la Montego Bay, na hoteli siitaji jina.
Swahiba wangu alikuwa ndani ya hoteli ya bangili, mimi nimepanga chumba mjini karibu na ufukwe wa Doctor's Cave. Tukapatana tuonane saa nane mchana. Nafika getini, askari ana orodha ya majina, langu halimo. Akapiga simu chumbani, haipokelewi, jamaa yuko kwenye bwawa. Nikaambiwa ninunue pasi ya siku. Bei ya hiyo pasi ilizidi nilicholipa kulala usiku ule! Tena inakwisha jioni; ukitaka kula chakula cha usiku na mwenzako, kuna pasi nyingine. Nikasema si neno, nizunguke kwa pwani, bahari si ya Mungu? Kumbe kuna kamba ya maboya imeshuka mpaka majini, na mlinzi mwingine kakaa kwenye kiti chini ya mwavuli. Hakunitukana. Aliinua mkono wake tu akagusa kifundo, yaani bangili yako iko wapi.
Nikarudi barabarani. Jamaa akatoka baadaye, jasho linamtiririka, tukaketi kando ya pipa la kuku wa jerk, yule wa kuchomwa na viungo vikali, ng'ambo ya geti. Moshi wa kuni za pimento unatuingia machoni, kuku amefungwa kwenye foili, pembeni yale maandazi yao marefu ya unga wa mahindi. Wallahi ile ndiyo saa tamu ya safari nzima. Lakini kila baada ya muda anatazama saa, kwa sababu ndani ameshikiwa meza ya mkahawa na ameshaulipia. Mtu amevuka bahari kuja kuniona, lakini roho iko kwenye meza yake ya ndani. Tukaagana kabla ya magharibi.
Kwa hivyo Mkisauni, hata muende wapi, laleni hoteli moja au mlale nje wote. Nusu ndani nusu nje msithubutu.

Shangazi wa Leicester
Pole mwanangu. Na sheria yenyewe haikusaidii kule. Jamaica wana sheria ya fukwe ya mwaka 1956, ya zama za Mwingereza, ambayo haimpi mwananchi haki ya jumla ya kuingia baharini anapotaka. Wenyeji wanaipigia kelele mpaka leo.
Barbados ni kinyume. Fukwe zote ni za umma. Hata ule upande wa magharibi wa matajiri, Holetown na Sandy Lane, unaweza kutandika khanga yako mchangani na hakuna wa kukuondoa. Viti vyao tu ndivyo vya kulipia. Sasa kulala msilale magharibi, mtafilisika. Laleni kusini: Worthing, Rockley, au St Lawrence Gap kama mnapenda kelele. Nauli ya basi ni dola 3.50 za Barbados, uende karibu uende mbali, na dola 2 zao ni dola 1 ya Marekani, hesabu haikusumbui. Kuna mabasi ya serikali ya buluu, kuna ya manjano ya watu binafsi, na kuna vani nyeupe zenye namba ya ZR. Hizo ZR ni matatu kabisa, muziki mpaka kifua kinatetemeka na kila siku kuna nafasi ya mmoja zaidi. Ijumaa usiku nendeni mji wa wavuvi wa Oistins, samaki wanachomwa mbele yenu.

Kamanda wa Tabora, Dallas
Shangazi, Barbados kutoka Houston unapita Miami, siku nzima inaliwa. Na Agosti mwanzoni kuna kilele cha tamasha lao la Crop Over, ile Jumatatu ya kwanza ya mwezi, vyumba hakuna. Playa!

Shangazi wa Leicester
Na Agosti Playa kuna nini, mwanangu? Mwani. Lete picha ya ufukwe wa Playa wa Agosti tuone maji yako.

Bi Nuru, Toronto
Hapo Shangazi amesema kweli. Tangu 2011 ule mwani wa sargassum unakuja kwa marundo, na miezi ya joto ndiyo wenyewe. Unakaa mchangani unaoza, harufu ya yai bovu. Pwani ya Quintana Roo, jimbo lenye Playa, inapigwa sana, ila upande wa magharibi wa Cozumel, kile kisiwa mkabala na Playa, huwa salama. Barbados unapiga zaidi mashariki na kusini-mashariki. Magharibi mara nyingi panabaki safi. Kuhusu vimbunga hakuna mwenye dhamana. Beryl ilikuja mwanzo wa Julai 2024, na Melissa ikaipiga Jamaica magharibi tarehe 28 Oktoba 2025, huko huko upande wa Montego Bay. Mkichagua Jamaica, iulizeni hoteli kama imefunguliwa yote au ni nusu. Na mkate tiketi za kubadilika.
Bado hujasema wa nne yuko wapi.

Mkisauni, Houston
Wa nne yuko melini. Anafanya kazi kwenye meli ya kitalii, jikoni. Meli yao inatoka Galveston, inakwenda Cozumel na kwingineko, inarudi. Ndiyo sababu Playa iliingia kwenye orodha.

Nahodha Mstaafu, Likoni
Ya Rabbi. Mada nzima tunazungumza hoteli kumbe kuna baharia! Galveston si hapo chini yako, mwendo wa saa moja na kitu kwa gari kutoka Houston? Si ungekwenda hapo ukamwona?

Mkisauni, Houston
Nilikwenda. Hakuweza kutoka.

Nahodha Mstaafu, Likoni
Nakuelewa. Siku ya bandari ya nyumbani ndiyo mbaya kuliko zote: abiria wanashuka asubuhi, wapya wanapanda mchana, shehena ya chakula inaingia, na wa jikoni ndiye wa kupokea viazi. Nimefanya kazi hizo. Cozumel ana nafuu zaidi, lakini usimhesabie siku. Mhesabie saa. Abiria wakiambiwa warudi saa kumi, yeye anatakiwa awe ndani mapema kuliko wao, na kila bandari kuna zamu ya wanaobaki melini kwa ajili ya dharura. Zamu ikimwangukia, anakutazameni kutoka kwenye reli tu.
Mkitaka kumpata kwa hakika, aulize zamu zake, kisha nyinyi mlale Cozumel kwenyewe. Msilale Playa. Feri ya kutoka Playa ni kama dakika arubaini na tano, na foleni, na bahari ikichafuka inasimama. Saa zake tatu zote zitaishia gatini.

Mtoto wa Kibokoni, New Jersey
Na huyo ndiye hoteli ya bangili itamfungia nje kabisa. Atashuka na sare yake, aambiwe anunue pasi ya siku kwa saa mbili.

Shangazi wa Leicester
Jambo jingine hamjauliza. Hawa watoto wa Mombasa, wanakunywa?

Mkisauni, Houston
Hapana Shangazi, hakuna anayekunywa. Na chakula tunatafuta halali.

Shangazi wa Leicester
Sasa hiyo bangili ya nini? Bei ya hoteli zile nusu yake ni baa. Mtalipia ramu ya watu wengine mkanywe juisi ya nanasi. Bridgetown, mji mkuu wa Barbados, kuna Waislamu wa asili ya Gujarat, India, wako tangu karne iliyopita, misikiti ipo na nyama halali mtapata. Wa Leicester wenu atajiona hajatoka nyumbani.

Kamanda wa Tabora, Dallas
Playa wale samaki. Samaki ni halali popote.

Mpwani Halisi, Muscat
Jamani mimi nashangaa. Watu wa Mombasa, mmezaliwa baharini, mnakwenda kulipa maelfu ya dola kuitazama bahari ya Mexico. Kutaneni Diani, au Nungwi. Mchanga mweupe kuliko huo na biriani halali ya uhakika.

Mtoto wa Kibokoni, New Jersey
Baharia wa Galveston atafika Diani na saa zake tatu?
Na usinitajie fukwe za nyumbani. Hebu tembea Nyali uone vijia vya kushukia baharini vilivyobaki. Vingine vimejengewa ukuta. Tunawasema Wajamaika wakati sisi tuna askari na mbwa.

Mpwani Halisi, Muscat
Pwani yenyewe ni ya umma, sheria iko wazi. Tatizo ni njia ya kuifikia.

Mtoto wa Kibokoni, New Jersey
Sasa pwani isiyo na njia nitaifikia kwa mbawa?

Shangazi wa Leicester
Tusigombane. Mkifika Barbados kuleni cou-cou na samaki wa kuruka. Unga wa mahindi umesongwa na bamia ndani yake.

Kamanda wa Tabora, Dallas
Ugali na bamia kwenye sufuria moja? Shangazi, huo ni uhalifu. Bamia inakaa bakuli lake.

Bi Nuru, Toronto
Kamanda, hujala. Unateleza, mzuri sana na mchuzi wa samaki.

Kamanda wa Tabora, Dallas
Ugali unaoteleza ni uji.

Mkisauni, Houston
Wakuu, nimewasoma wote. Wa Leicester ameisoma kauli ya Shangazi kuhusu baa na ameanza kulegea juu ya hoteli yake. Wa Mombasa anataka Barbados. Mimi sasa naelekea Cozumel kwa ajili ya huyu wa melini, ila zamu zake za Agosti hazijatoka, na mkataba wake unaweza kumhamishia meli nyingine kabla ya hapo. Halafu ile tiketi imeshapanda bei leo asubuhi.

Bi Nuru, Toronto
Fanyeni mbili basi. Watatu Barbados, kisha wewe peke yako Cozumel, siyo mbali nawe.

Mkisauni, Houston
Mke wangu atauliza nimemwoa nani.

Kijana wa Mtongwe
Samahani kuingilia mada. Nahodha, hizo kazi za meli mtu anazipataje? Kuna ajenti hapa mjini ananidai pesa nyingi za kuniunganisha.

Nahodha Mstaafu, Likoni
Usimpe. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa mwaka 2006 unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Utakachogharamia wewe ni pasipoti, kitabu cha ubaharia na cheti cha daktari. Anayetaka zaidi ya hapo mwombe akuandikie ni za nini, uone kama ataandika. Jikoni wanataka uzoefu wa hoteli, kwa hivyo kama hujafanya anza hoteli yoyote hapo Nyali au Bamburi.

Kijana wa Mtongwe
Shukran mzee. Na yale mafunzo ya usalama baharini nayafanya Bandari Maritime Academy au kuna kwingine?