Kompyuta ya gemu kwenye chumba cha bati Ipagala: nipoze kwa maji au kwa feni?

Mpangaji_Ipagala

Wakuu, habari za jioni. Nimedunduliza mwaka mzima, nimefikisha milioni mbili na laki mbili. Nataka niunganishe kompyuta ya gemu mwenyewe, kifaa kimoja kimoja. Mpaka sasa nimepanga prosesa (ubongo wa kompyuta) Ryzen 5 5600, kadi ya grafiki (inayochora picha za gemu) RTX 3060 ya GB 12 (mtumba), RAM GB 16 na SSD ya tera moja. Skrini ninayo, ya hetzi 75, yaani inaonyesha picha 75 kwa sekunde.

Kinachoninyima usingizi ni joto. Nimepanga chumba kimoja hapa Dodoma, juu ni bati tupu. Siling'i mwenye nyumba ananiahidi tangu nihamie. Mwezi wa 11 mwaka jana kipimajoto cha saa yangu ya mezani kilisoma 35 saa tisa alasiri, na hapo ni ndani. Laptop yangu ya zamani ilikuwa inazima yenyewe kila nikicheza gemu la mpira nusu saa. Nilipoifungua nikakuta vumbi limeshikana kwenye feni kama kipande cha blanketi. Vumbi letu mnalijua, ule upepo wa mwezi wa 7 na wa 8 ukianza, hata sufuria iliyofunikwa linaingia.

Jamaa mmoja wa Kariakoo ananiambia ninunue mfumo wa kupoza kwa maji, ule wenye mirija, rejeta ya feni mbili na taa. Laki tatu na nusu. Anasema Dodoma bila maji kompyuta itaungua. Ni kweli? Maana hela hiyo itabidi niitoe kwenye kadi ya grafiki.

FundiFeni_Makole

Usimpe hiyo hela, mkuu.

Maji hayamezi joto. Yanalibeba kutoka kwenye prosesa hadi kwenye rejeta, halafu feni za rejeta zinalimwaga humo humo chumbani mwako. Chumba kikiwa 35, maji hayatashuka chini ya 35 hata uwashe taa za rangi zote. Na hiyo 5600 ni prosesa mpole, imepangiwa wati 65, ikikazana inafika kama 76. Mwenye moto ni kadi ya grafiki, wati 170, na ule mfumo wa maji unaouziwa hauigusi kabisa. Yaani unapeleka zimamoto nyumba ya jirani. Halafu ule mfumo una pampu. Ikifa, hapa mjini sijui utaipeleka kwa nani.

Chukua hitisinki (kipoza joto cha chuma kinachokaa juu ya prosesa) ya minara miwili yenye feni mbili za milimita 120, mfano Thermalright Peerless Assassin. Hata feni inayokuja na 5600 kwenye boksi ingeiendesha, ila kwa chumba chako itapiga kelele kama mashine ya kusaga.

Hela itakayobaki ipeleke kwenye kasha la kompyuta. Uso wa mbele uwe wa wavu, usiwe wa kioo. Kioo mbele ni kama kukimbia umezibwa pua. Weka feni tatu mbele zikivuta, moja nyuma ikitoa, na zile za mbele ziwe na kichujio. Hewa inayoingia ikizidi inayotoka, ile ya ziada inajitafutia mianya ya kutokea, na vumbi linakosa pa kupenya. Ukifanya kinyume, kila tundu la kasha linageuka pua ya kuvuta vumbi.

Jambo jingine ambalo watu wa Dar hawalijui: sisi tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko yao kwa takriban asilimia 12, kwa hiyo feni ile ile kwa kasi ile ile inabeba joto pungufu kidogo. Si la kutisha, ila ukiona mtu wa pwani anajisifia digrii zake, usijilinganishe naye.

Mwisho, skrini yako ni hetzi 75, kwa nini kadi itoe freimu (picha) 140 kwa sekunde usizoziona? Zifunge 75. Shusha na kikomo cha umeme cha kadi hadi asilimia 80, hapo inakula wati 136 na mchezoni hutaona tofauti kubwa. Pawa saplai (kifaa kinachogawia kompyuta umeme) ya wati 550 ya kampuni inayoeleweka inatosha. Hapo usibane hela.

ZabibuChungu

Naunga mkono. Mimi niliunganisha yangu hapa Kisasa, nikawasha, prosesa ikaruka digrii 90. Siku nne nimelaumu bati, nimelaumu jua, nimenunua na feni ya ukutani. Kumbe ile nailoni ya chini ya hitisinki sikuibandua! Ibandue kabla ya kupaka thamo pesti (ule mkorogo wa kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki), kaka, usicheke.

Na usipeleke kompyuta kwenye kijiwe cha kujaza upepo wa matairi ili wakupulizie vumbi. Tangi la kompresa hukaa na maji, yanatoka na upepo. Tafuta blowa ndogo ya umeme, na ushike mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke hovyo. Mimi mwezi wa 7 hadi wa 10 napuliza kila baada ya wiki mbili, masika mara moja kwa mwezi.

Mpangaji_Ipagala

Asanteni sana wakuu, mmeniokolea laki mbili na zaidi. Mke wangu alikuwa ananiuliza uniti za umeme wa LUKU. Nimempigia hesabu ya wati 300 kwa saa tatu, haifiki uniti moja kwa siku. Amenyamaza, ila si kwa kuridhika.

Swali moja tu lililobaki nimeshajijibu. Hiyo hitisinki ina urefu wa milimita 155. Kasha nililokuwa nimeshalipia nusu linapokea mwisho 148. Nimempigia muuzaji, anasema, "Kaka, hiyo si hata sentimita, utaisukuma tu itaingia." Kesho namdai hela yangu, natafuta kasha pana.