Siku ya kukumbuka historia ya kura, Uyole: tuipangeje isigeuke mkutano wa chama?

KijanaUyole
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Kikundi chetu hapa Uyole, Mbeya, kinaandaa siku ya kukumbuka jinsi wananchi walivyopata haki ya kupiga kura, tangu enzi za mkoloni hadi 1995. Watu kama 150, ukumbi wa shule, saa nne hadi saa nane mchana. Tumefikiria 9 Desemba, hotuba tatu na kwaya. Naona watu watasinzia, na wengine watadhani ni kampeni. Tushaurini.

Kalenga58
Mkuu, 9 Desemba ina shughuli zake za Uhuru na mvua zimeshaanza. Pelekeni Septemba. Kiangazi hicho, tena Septemba 1958 ndipo Jimbo la Nyanda za Juu Kusini lilipopiga kura katika awamu ya kwanza ya uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria. Awamu ya pili ilifuata Februari 1959.

Hotuba tatu acheni, siku yote ibebwe na kura tatu. Mpiga kura wa mwaka ule alitakiwa awe na miaka 21, na pia kipato cha pauni 150 kwa mwaka (shilingi 3,000 za wakati huo), au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa. Akishakubaliwa, analazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. TANU, chama kilichokuwa kinadai uhuru, kilibishana vikali Tabora, Januari 1958, kishiriki uchaguzi huo au kisusie. Hoja ya Nyerere ya kushiriki ikashinda, Zuberi Mtemvu akajitoa na kuunda chama chake, ANC. Huku kwetu Lady Marion Chesham, Mzungu aliyeungwa mkono na TANU, akaingia Barazani. Mwanafunzi ukimsimulia haya ataitikia tu. Mpe karatasi ajaze mwenyewe, ndipo atauliza maswali.

KaraniWaKituo
Naunga mkono. Fanyeni raundi mbili.

Raundi ya kwanza ni 1958. Mlangoni kila mtu achukue bahasha iliyofungwa, yenye namba: ndani kadi ya kipato, elimu na umri. Kati ya 150, kama 20 tu ziwe na sifa. Wengine wakae pembeni watazame, na msiwaonee huruma mkawaingiza, maana kukataliwa ndilo somo lenyewe. Karatasi ya kura iwe na safu tatu, kila safu wagombea wawili. Majina ya wanasiasa hapana, wekeni mazao: mahindi na maharage, viazi na ndizi, chai na kahawa. Atakayeweka alama safu moja tu, kura imeharibika. Msimkumbushe, zihesabiwe kando, zisomwe kwa sauti.

Raundi ya pili wanapiga wote, kama ilivyokuwa 1 Novemba 1962 kwenye uchaguzi wa Rais, Nyerere na Mtemvu. Nyie tumieni alama za wagombea za uchaguzi wa 1965, jembe na nyumba, ili hata asiyesoma apige bila msaada.

A4 moja inatoa karatasi mbili. Chapeni A4 100, ziada ipo. Vituturi vinne (vibanda vya kupigia kura kwa siri) vya maboksi makubwa juu ya meza, ndoo mbili zenye vifuniko vilivyotobolewa, moja kwa kila raundi, zioneshwe tupu kabla ya kufungwa. Vituturi vinne, mtu dakika moja: raundi ya pili inaisha kwa dakika 40 hivi. Foleni hukwama kwenye meza ya daftari, siyo kwenye kituturi. Mkigawa meza kwa herufi, Mbeya hii kina Mwa- wote watajazana meza moja! Gaweni kwa namba ya bahasha: 1–75 huku, 76–150 kule.

MzeeWaKata
Barua kwa mkuu wa polisi wa wilaya, ikitaja mahali, saa na madhumuni. Sheria inataka saa 48 kabla. Nyie ipelekeni wiki mbili kabla, nakala kwa mtendaji wa kata. Vyama vyote vipate barua ya maneno yale yale, bila nafasi ya kuongea. Kwenye mwaliko andikeni wazi: hakuna sare, kofia wala skafu za chama. Kipindi cha kampeni msithubutu. Sehemu ya 1992 na 1995, vyama vingi viliporudi na uchaguzi wake, ndiyo itakayoleta ubishi, kwa hiyo iwe bango la ukutani lenye tarehe tu.

KijanaUyole
Asanteni sana. Na wazee waliopiga kura zile?

Kalenga58
Angalieni mwaka wa kuzaliwa. Wa 1958 alizaliwa 1937 au kabla. Wa 1962, 1941 au kabla. Msiwapandishe jukwaani: ukumbi una mwangwi na maswali hawayasikii. Wafuateni nyumbani wiki moja kabla, kwa ridhaa yao, mrekodi dakika 20 kila mmoja, na ukumbini muoneshe dakika tano za kila mmoja. Kama Kisafwa au Kinyakyusa ndicho kinachowatoka vizuri, waacheni waseme hicho, maandishi ya Kiswahili mtaweka chini. Waulizeni aliandikishwa wapi, nani wa kijijini alikataliwa, foleni ilikuwaje. Akina bibi waulizwe wakiwa peke yao. Babu akiwepo, atajibu yeye.