Wauza mashine za kuchomelea Kariakoo, "ampea 500" ya bati la milimita 1 ni ya kazi gani?

Geji18:
Wakuu, leo sipambi maneno. Fundi anaingia duka la mashine Gerezani, anasema anatengeneza madirisha na makabati ya pipe za geji 18. Muuzaji hamuulizi hata pipe ina unene gani. Anashusha kiboksi chekundu kilichoandikwa 500A: "Chukua hii bosi, ina moto." Moto wa kupeleka wapi? Geji 18 ni milimita 1.2. Chuma chembamba hakimshindi fundi kwa sababu moto umepungua, kinamshinda kwa sababu moto haushuki.

Na hiyo 500 yenyewe ni uongo mtupu. Mashine ya rodi ikitoa ampea 500 inatakiwa isukume volti kama 40 kwenye ncha ya rodi, yaani wati 20,000. Kiboksi kina plagi ya pini tatu ya ampea 13, na kwa umeme wa volti 230 plagi hiyo inapitisha wati 2,990. Hata mashine isipopoteza chochote ndani yake unapata ampea 120 hivi, maana kwa ampea hizo ncha ya rodi inataka volti kama 25 tu. Toa kinachopotea, umebaki na 100 au pungufu. Kwa bati, 100 inatosha na kusaza. Ubaya ni kwamba kitasa cha kurekebishia nacho kimechorwa mpaka 500 kufuata uongo uleule, kwa hiyo fundi akiweka "60" hajui anapata ngapi. Anayetaka kujua abane waya wa rodi kwa klampu mita inayosoma DC (umeme wa upande mmoja), rodi ikiwa inawaka. Klampu mita ya AC tu (umeme wa kwenda na kurudi) haitamwambia kitu.

Kisha anafungiwa pakiti ya rodi za milimita 2.5, kama si 3.2! Rodi ya 2.5 ya aina ya E6013 inataka ampea 60 hadi 90. Ukiishusha hadi 45 ili kuokoa bati, inanata na kuzima. Ukiipandisha, tundu. Fundi anaziba tundu kwa madonge, anapiga grinda, anapaka puti, mteja anapelekewa dirisha. Kwa geji 18 kuna rodi ya 2.0, ampea 40 hadi 60, na ya 1.6, ampea 25 hadi 45. Ulizia 1.6 uone unavyotazamwa, utadhani umeomba dhahabu.

Na hakuna anayemwambia mnunuzi kwamba kwenye inveta, yaani viboksi hivi vya DC, kwa chuma chembamba, waya wa rodi unachomekwa upande wa hasi na athi upande wa chanya. Chuma kinapigwa joto la juu juu. Wao wanasema "popote tu, inawaka."

Kazi ya bati na bodi za gari ni kazi ya MIG, mashine inayosukuma waya badala ya rodi huku gesi ikikinga mshono. Waya wa 0.6, au 0.8, gesi ya CO2 au mchanganyiko wa agoni na CO2, lita kama 10 kwa dakika. Kadiria ampea 40 kwa kila milimita moja ya unene: bati la 0.8 ni kama 30, geji 18 ni kama 50. Sasa muulizeni muuzaji mashine yake inashuka hadi ngapi na kutulia. Hajui! Anajua ya juu tu.

Nozo_Safi:
Mkuu umewasema nusu. Hujagusa "MIG bila gesi". Wanaiuza na roli ya waya wa unga wa 1.0 (wenye unga ndani unaokinga mshono badala ya gesi) kwa mtu wa bodi za gari. Waya wa unga unachoma sana. Hata ule wa 0.8, chini ya milimita 1.2 ni kutafuta matundu. Na waya wa unga unataka tochi (kishikio kinachotoa waya) iwe hasi, ilhali waya mtupu na gesi unataka tochi iwe chanya. Fundi akinunua mtungi baadaye bila kubadili hizo nyaya ndani ya mashine, waya unarusha cheche kila upande, halafu analaumu gesi.

Gurudumu la kusukuma waya nalo: waya mtupu unataka mfereji laini wa V, waya wa unga unataka lenye meno. Ukikaza gurudumu kupita kiasi unaubonda, unakwama kwenye tochi na kujikunja ndani kama tambi. Ncha ya shaba lazima ilingane na waya, 0.8 kwa 0.8.

DukaNiLangu:
Mnatupiga sana. Mteja mwenyewe anakuja anasema "nipe yenye ampea nyingi, bei ndogo." Ukimwonyesha ya 160 ya kweli anakwenda duka la jirani lenye 500 ya karatasi. Na si kila fundi anahitaji MIG. Geti linalochomelewa nje, upepo wa bahari unafagia gesi yote, mshono unajaa vitobo. Hapo rodi ndiyo yenyewe.

Geji18:
Kwa geti la nje nakubali. Lakini kibandiko cha 500 hakukibandika mteja, kaka.

MzeeWaKona:
Wote mmesahau wenye transfoma za kusukwa mtaani. Zile zinaruka kwa hatua, hatua ya chini kabisa bado ni kali kwa bati. Na umeme wake ni AC, moto unapita sifuri mara 100 kwa sekunde, ukipunguza ampea unazimika. Kwa geji 20, nyembamba kuliko 18, usihangaike nayo.

Asiye na pesa ya MIG abaki na inveta na rodi ya 2.0, afanye hivi: maungio yakutane bila mwanya, abane kipande cha shaba nene nyuma ya mshono kinywe joto, achome sentimita moja au moja na nusu, ahamie upande wa pili, arudi kikipoa. Mshono wa wima aushushe, asiupandishe. Na waya wa ekstensheni aangalie: mita 30 za waya wa 1.5 (milimita za mraba) zikibeba ampea 20 zinakula volti 14. Kwa umeme wa jioni, rodi inanata, fundi anapandisha kitasa, umeme ukirudi sawa bati limetoboka.

Nozo_Safi:
Mzee shikamoo. Ongeza pipe za mabati. Zinki inachemka nyuzi 907, chuma kinayeyuka karibu 1,500, kwa hiyo zinki inalipuka kutoka chini ya mshono kabla chuma hakijashikana. Ndiyo ule moshi mweupe na vitobo. Paliwe grinda sentimita mbili na nusu kila upande. Na jamani, maziwa hayazuii homa ya ule moshi.

Kabati_la_Pua:
Wakuu, meza za jikoni za chuma cha pua, milimita 1? Nimeambiwa dukani TIG, ile mashine ya sindano isiyoyeyuka, inatumia hata CO2.

Geji18:
Umeambiwa na nani?! TIG ni agoni tupu. Ukiweka CO2, sindano ya tangsteni inaungua na kuwa nyeusi papo hapo. Chukua TIG ya DC, sindano ya 1.6, anza ampea 30, chuma kiwe kisafi bila mafuta. Na wakikwambia hiyohiyo ya DC inachomea na aluminiamu, toka dukani, aluminiamu inataka AC.